Kijiji Changu Kinavunjwa na Kodi Inapanda

Hapa Guangzhou, China, mwenzenu nakaa kijijini. Usicheke. Kijiji chenyewe kiko katikati ya jiji, nyumba zake ni ghorofa saba saba, na kuku wa kuwika hakuna. Zamani yalikuwa mashamba. Jiji likaja, likameza mashamba, likawaachia wakulima viwanja vya nyumba zao, maana huku ardhi ya mjini ni ya serikali ila ya kijiji ni ya wanakijiji kwa pamoja. Wakulima wakaona isiwe tabu: wakaacha kupanda mboga, wakapanda ghorofa.

Na wamezibananisha, we! Jirani yangu wa dirisha la pili, fundi cherehani kutoka Hubei, akikaanga pilipili napiga chafya mimi. Akiishiwa chumvi namnyooshea kopo nikiwa nimekaa kitandani kwangu. Saa sita mchana nawasha taa. Jua nalisikia kwa watu.

Sasa ndiyo tumesikia kijiji kitavunjwa. Vikao haviishi: wakubwa wa wilaya, kampuni ya ujenzi, na wanakijiji wenye hisa kwenye kampuni yao ya kijiji. Kura wanapiga wao. Sisi wapangaji tunaolipa kodi, tunaofunga mabomba yanayovuja kwa mifuko ya nailoni, hakuna aliyetuuliza hata kwa kutuzuga, "Nyie wenzetu mtakwenda wapi?"

Msidhani ni kwa sababu mimi mgeni. Mgeni najijua: nikihamia chumba kipya, ndani ya saa 24 niwe nimeripoti polisi. Lakini yule fundi ni Mchina wa damu, na naye haulizwi, kwa kuwa hukou yake, ule usajili wa ukaazi, iko kwao Hubei. Sensa ya 2020 ilihesabu watu karibu milioni 18.7 humu, na kama nusu yao wako kama yeye. Ndio waliolijenga jiji hili na ndio wanaolivisha, ila akitaka mtoto aingie shule ya serikali, aanze kukusanya pointi za kuombea nafasi.

Wenye nyumba hawana presha. Wanaijua habari ya Liede. Kile kijiji kilivunjwa 2007, jiji likijipamba kwa Michezo ya Asia ya 2010. Sehemu ya ardhi ikapigwa mnada, pesa ikajenga minara, wanakijiji wakarudi kwenye fleti mpya, nyingine za kupangisha. Wapangaji wa zamani? Mimi sijakutana na hata mmoja aliyerudi. Kijiji jirani, Xian, mambo yalikuwa magumu: ubomoaji ulipoanza 2010 watu walikataa, wakadai viongozi wa kijiji wamekula, na magofu yakakaa miaka katikati ya majengo ya vioo. Pale walipigania, nawapa heshima yao.

Kinachoniuma zaidi ni Kangle, kijiji kingine cha humu jijini chenye viwanda vya kushona, kwenye riziki yangu. Barabarani mabosi wa viwanda vidogo wanasimama mstari, kila mmoja kainua gauni la mfano. Mafundi wanapita, wanageuza upindo, wanavuta mshono, wanauliza bei ya kushona kipande kimoja, wanasonya, wanaenda kwa bosi anayefuata. Hapo ndipo magauni yangu ya Kariakoo yanapopatikana chapchap kabla ya Idi. Sasa wakubwa wanataka viwanda vihamie Qingyuan, kule kaskazini. Kwenye ramani imekaa vizuri sana. Aliyeichora ramani hajawahi kupigiwa simu saa nane za usiku na mteja wa Dar, kwake ndiyo kwanza saa tatu, "Kaka, mzigo vipi?"

Tukirudi kwa mzee mwenye nyumba wangu: usiku anajenga. Nyumba inayosubiri kuvunjwa anaiongezea ghorofa! Fidia ni mita za mraba, bwana. Mchanga unadondokea kwenye wali wangu.

Jana kaja kupandisha kodi. Nikamuuliza kwa Kichina changu cha sokoni, nyumba inavunjwa, kodi inapandia nini? Hakujibu. Akatoa simu, akabonyeza kikokotoo, akanionyesha. Nikaichukua, nikapunguza yuani mia tatu, nikamrudishia. Akacheka mpaka akakohoa, akafuta, akaandika ile ile ya mwanzo na hamsini juu yake, kisha akanyoosha kidole darini: eti sasa nina ghorofa mpya ya kunikinga mvua.