Kifungua Mimba Akiwa Ndiye Kitinda Mimba

Mwanamke ambaye hajazaa kabisa huonewa huruma, hata kama ni huruma ya kusemwa pembeni. Aliyezaa mmoja kisha akakwama haonewi huruma, anahojiwa. Wifi anauliza, jirani anauliza, mwalimu wa chekechea naye anauliza: "Huyu hamumtafutii mwenzake?" Akithubutu kusema kwamba anaumia, jibu liko tayari: shukuru Mungu, wapo wasio na hata huyo mmoja. Wanaosema hivyo wana nia njema, lakini naamini jibu hilo ndilo linalowafanya watu watafute kimyakimya miaka minane, kumi, bila kupima na bila kukubali. Msiba uliokatazwa kukaliwa matanga hauishi.

Na huwezi kukubali jambo usilolijua, kwa hiyo kazi yenyewe inaanzia maabara.

Shirika la Afya Duniani huhesabu ugumba pale miezi 12 inapopita ya kukutana kimwili mara kwa mara bila kinga na mimba isiingie, na hesabu hiyo ni ileile kwa aliyewahi kuzaa. Mwanamke wa miaka 35 na zaidi asisubiri kupita miezi sita. Wa miaka 40 aende mara moja. Aliyekuwa akichoma sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu ajue kwamba kwa kawaida huchukua kama miezi kumi tangu sindano ya mwisho hadi kushika mimba, hivyo asianze kuhesabu mapema. Vidonge, njiti na kitanzi vikitolewa uzazi hurudi haraka. Nayasema haya kwa sababu katika nyumba nyingi lawama ya kwanza huangukia "majira", na mwanamke anabebeshwa hatia isiyo yake.

Kipimo cha kwanza kiwe cha mwanamume. Ni cha bei ndogo, hakina maumivu, na ndicho kinachokwepwa kuliko vyote, kwa hoja kwamba "mtoto si huyu hapa?" Mtoto wa mwaka 2017 ni ushahidi wa mbegu za mwaka 2016 tu. Tangu hapo mtu anaweza kupata mishipa iliyovimba kwenye korodani, kisukari kinachofanya manii yarudi kwenye kibofu, klamidia au kisonono. Siku hizi kuna na sindano za testosteroni za vijana wa gym, ambazo zinaweza kuusimamisha mwili usitengeneze mbegu kabisa.

Akapime baada ya siku mbili hadi saba bila kutoa manii. Asitumie mate, sabuni wala mafuta, maana huharibu mbegu. Asipoteze tone la mwanzo, kwani ndilo lenye mbegu nyingi. Likimwagika aseme, asione aibu. Sampuli ya nyumbani ifike maabara ndani ya saa moja, ikiwa imefichwa kwapani au ndani ya shati ipate joto la mwili, isiwekwe kwenye friji. Viwango vya chini vya Shirika la Afya Duniani, toleo la 2021, ni ujazo wa mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa mililita, na asilimia 42 ziwe zinacheza. Majibu yakiwa mabaya, arudie baada ya miezi mitatu kabla ya kukata tamaa, kwa sababu mbegu moja huchukua takriban siku 74 kutengenezwa, na homa kali ya miezi miwili iliyopita bado inaweza kuonekana kwenye karatasi ya leo.

Kwa mwanamke aliyewahi kuzaa, siri kubwa mara nyingi imo katika uzazi ule wa kwanza. Kwa hiyo daktari asipouliza, msimulie. Je, kondo la nyuma lilibaki, ukasafishwa? Kusafishwa kunaweza kuacha makovu yanayogandisha kuta za kizazi, na dalili yake ni hedhi kuwa kidogo mno au kukata, huku tumbo likiuma kila mwezi kama kawaida. Makovu hayo hukatwa kwa kamera ndogo inayopitishwa kwenye mlango wa kizazi. Je, ulipata homa na uchafu wenye harufu baada ya kujifungua au mimba kuharibika? Hapo mirija ndiyo inayoshukiwa. Ulivuja damu nyingi mno, kisha maziwa hayakutoka na hedhi haikurudi? Huenda tezi iliyo chini ya ubongo ilikosa damu ikafa sehemu, na tatizo halimo kwenye kizazi hata kidogo. Mwenye hili anahitaji daktari wa homoni upesi, hata kama hataki tena mtoto, kwa sababu kukosa homoni hizo ni hatari kwa maisha yake.

Kipimo cha mirija, wanachokiita HSG, hufanywa hedhi ikiwa imekauka na yai halijapevuka, yaani siku ya sita hadi ya kumi kwa wengi. Unalala chini ya mashine ya eksirei, mrija mwembamba unapitishwa kwenye mlango wa kizazi, na dawa nyeupe, mililita chache tu, inasukumwa polepole. Kwenye kioo kizazi huonekana kama pembetatu iliyopinduliwa, na kutoka kila pembe ya juu uzi mwembamba unachora njia hadi dawa imwagike tumboni. Maumivu hufanana na hedhi kali. Kumeza ibuprofeni saa moja kabla husaidia, kama huna vidonda vya tumbo. Shika na hili, kwa kuwa nyumba zimevunjika kwa sababu yake: dawa ikigoma pale pembeni kabisa mwa kizazi, pande zote mbili, si lazima mirija iwe imeziba. Misuli hujikaza kwa maumivu na woga ikafunga mlango kwa dakika kadhaa. Jibu la namna hiyo lirudiwe, au lithibitishwe kwa upasuaji wa matundu madogo, kabla ya mtu kuambiwa kizazi chake kimefunga. Mrija uliojaa maji ni habari nyingine. Huo hauna ujanja wa misuli, na hata upandikizaji wa mimba, yaani yai kurutubishwa maabara kisha kuwekwa kwenye kizazi, hautafanikiwa vizuri mpaka utolewe au ufungwe, kwa sababu maji yake hutiririkia kwenye kizazi.

Hapa niseme wazi kuhusu "dawa za kuzibua mirija" zinazouzwa WhatsApp, na za kujifukiza ukeni. Mrija ulioziba umeziba kwa kovu. Hakuna majani ya kunywa wala mvuke unaoyeyusha kovu. Mvuke huunguza, na vidonge vya kuingizwa ukeni huharibu bakteria walinzi na kuleta maambukizi mapya, tena kwa mtu ambaye tatizo lake lilianza na maambukizi. Wauzaji wanajua mteja wa aina hii hachoki, kwa sababu keshazaa na anaamini mlango uko wazi.

Kuna wanaofika kwenye jibu mapema. Aliyetolewa kizazi ili damu isimalize maisha yake. Mwenye damu ya kundi hasi ambaye hakuchomwa sindano ya kinga ndani ya saa 72 baada ya kuzaa mtoto wa kundi chanya, na mwili ukatengeneza askari wanaoshambulia mimba zinazofuata zenye damu ya kundi chanya. Askari wakishatengenezwa, sindano ile haina kazi tena. Na yule ambaye moyo wake ulitanuka mwishoni mwa ujauzito au miezi ya mwanzo baada ya kujifungua na haukurudi katika hali yake: mimba nyingine inaweza kumuua. Huyu wa mwisho hupata shida ya peke yake, maana kizazi ni kizima na ndugu hawauoni ugonjwa.

Halafu upo umri, ambao hauonekani kwenye picha yoyote. Novemba 2023 habari za Safina Namukwaya wa Uganda, aliyejifungua mapacha Kampala akiwa na miaka 70, zilizunguka kwenye simu za watu kama ushahidi kwamba hakuna kuchelewa. Alipandikizwa mimba iliyotokana na yai la mwanamke mwingine. Sehemu hiyo ya habari ndiyo iliyopotea njiani. Kwa yai lake mwenyewe, mwanamke aliyepita miaka 43 ana nafasi ndogo sana hata katika kliniki bora, na kliniki isiyomwambia hivyo kabla ya kupokea malipo inamwibia.

Baada ya kujua, wekeni kikomo. Nakusudia kikomo cha kuandikwa, wote wawili mkiwa mmeketi, si siku ambayo hedhi imetoka. Kiwe na vitu vitatu: idadi, tarehe na fedha. Kwa mfano, upandikizaji mara mbili, au mwisho wa Desemba mwakani, au akiba fulani iishe, lolote litakalotangulia. Ulizeni bei kamili, kwa sababu tangazo mara nyingi huacha nje sindano za kukuza mayai, kugandisha viinitete (mayai yaliyokwisha kurutubishwa) na gharama ya kuvipandikiza awamu nyingine. Ada ya shule ya mtoto mliye naye na kiwanja alichoandikiwa visiguswe. Na kikomo kisisogezwe na mmoja peke yake. Kinachoharibu ni ile "tujaribu mwezi huu tu," ambayo haina mwisho na haihitaji kikao.

Kikomo kikifika, nina ushauri unaowashangaza watu: kama hedhi bado inakuja, fikirieni kutumia uzazi wa mpango. Inaonekana kichekesho, mgumba kuweka kitanzi. Lakini huwezi kupumzika kama kila siku ya 29 unahesabu. Kwa mwenye ugonjwa wa moyo huo si uchaguzi, ni lazima, na njia yake isiwe vidonge vyenye estrojeni. Njiti au kitanzi vinafaa zaidi. Ondoeni na ile programu ya kuhesabu siku kwenye simu. Nguo ndogo zisitolewe wiki hiyohiyo kwa hasira. Zifungeni kwenye begi, muamue baada ya miezi mitatu. Kwenye arobaini za watoto wa wenzenu peleka mchango, peleka khanga, na usipojisikia usiende. Usingizi ukipotea, chakula kikashindikana na hali ikazidi wiki mbili, au mume akahamia baa, hiyo ni hali ya kutafutiwa mshauri hospitalini.

Ndugu waambiwe na mwenye ndugu. Mume aende kwa mama yake, mke aende kwao. Maneno yawe machache na yafungwe: "Shikamoo mama. Tumepima sote wawili, madaktari wamesema haitawezekana, nasi tumekubali. Tunakuomba utuombee afya ya mjukuu wako." Usitaje nani mwenye tatizo. Ukitaja, utakuwa umewapa watu mtu wa kumsema. Shangazi atapendekeza kuoa mke wa pili au kuzaa nje, na wanaume wengi hulikubali hilo bila kurudi kwenye karatasi ya maabara. Mwenye mbegu milioni mbili atakuwa na milioni mbili hata kwa mke wa nne.

Mtoto naye anaulizwa, kuliko mnavyodhani. Akifika miaka minne au mitano ataomba mdogo. Usimwambie "tuombe Mungu atatuletea", kwa sababu atasubiri, na asipoletewa atadhani ameomba vibaya. Mwambie baba na mama hawataweza kupata mtoto mwingine, na si kosa la mtu yeyote, hasa si lake. Kuhusu hofu kwamba mtoto wa peke yake ataharibika: mwaka 1986 Toni Falbo na Denise Polit walijumlisha matokeo ya tafiti 115, na watoto hao hawakuwa nyuma ya wenzao katika tabia wala kuishi na watu. Anachohitaji ni watoto wengine wa kugombana nao. Likizo aende kwa mama mkubwa, alale kitanda kimoja na wenzake, achote maji kwa zamu, akose nyama akichelewa mezani.

Wengine watataka kulea. Ngojeni kwanza huzuni ishuke, mtoto asije kuziba pengo la mtu asiyekuwepo. Tanzania Bara, chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, mwombaji wa kuasili kwa kawaida awe na miaka 25 na amzidi mtoto miaka 21 au zaidi. Afisa ustawi wa jamii atakuja nyumbani, na amri hutolewa na Mahakama Kuu. Kenya nayo ina umri huohuo. Waislamu hulea bila kubadili nasaba: mtoto hubaki na jina la baba yake, na harithi, ila anaweza kuusiwa hadi theluthi ya mali. Suala la kujistiri ndani ya nyumba akikua hutatuliwa kwa kunyonya, maana aliyenyonyeshwa huhesabiwa ndugu. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa pwani yetu, ni mara tano tofauti kabla ya miaka miwili. Mtoto wa kike akinyonyeshwa na dada wa mume, mume anakuwa mjomba wake. Wa kiume akinyonyeshwa na dada wa mke, mke anakuwa mama mdogo au mama mkubwa. Anayenyonyesha apime kwanza virusi vya ukimwi, na sheikh aulizwe kabla, si baada.

Na mkilea au msipolea, andikeni wosia unaomtaja mlezi wa huyu mmoja iwapo nyote wawili mtaondoka. Mlezi aulizwe na akubali kabla jina lake halijaandikwa, na nakala moja ikae kwake.