Ubavu wa Adamu: cheo au upande wa pili?

Kama umehudhuria ibada za ndoa za kutosha, sentensi hii unaijua kabla mchungaji hajaimaliza: mwanamke hakutolewa kichwani ili amtawale mumewe, wala miguuni ili akanyagwe, bali ubavuni, karibu na moyo. Kanisa zima vigelegele. Katika ibada ya mwisho niliyokwenda, shangazi wa bibi harusi, aliyekaa benchi la mbele yangu, alimwinamia mwenzake akanong'ona, "Wakifika nyumbani ataambiwa anyamaze." Wakacheka chini kwa chini.

Usemi huo haumo katika Biblia. Ni wa wanateolojia wa Ulaya wa zama za kati, na Thomas wa Akwino aliutumia katika karne ya 13. Ila Thomas huyohuyo, hatua chache tu kabla ya hapo, anasema mwanamke aliumbwa amsaidie mwanamume katika kuzaa, kwa kuwa kazi nyingine yoyote mwanamume angesaidiwa vizuri zaidi na mwanamume mwenzake. Shangazi alikuwa amenusa kitu cha kweli.

Wanaosema simulizi la mwanamke kuumbwa kutoka ubavuni linampa mwanamume uongozi tusiwabeze. Katika Mwanzo sura ya 2 yeye ndiye anayefinyangwa kwanza, yeye anapewa amri kuhusu mti, yeye anawapa wanyama majina, kisha mwanamke analetwa kwake naye anatamka, "ataitwa mwanamke." Waraka wa kwanza kwa Timotheo unasimama juu ya mpangilio huo: "Adamu ndiye aliyeumbwa kwanza, na Hawa baadaye."

Hoja hiyo inaanza kuvuja ukirudi sura moja nyuma. Huko samaki, ndege na wanyama wote wanamtangulia mtu, na bado ni mtu anayekabidhiwa kutawala. Kama kutangulia ni cheo, dagaa tungewapigia saluti.

Tena sura hiyo ya 1 ina neno zito kuliko tulivyozoea kulisikia: "kwa mfano wa Mungu alimwumba, mwanamume na mwanamke aliwaumba." Mwaka 1979, huko Tell Fekheriye nchini Syria, ilifukuliwa sanamu ya mawe ya mtawala wa Guzana, yenye maandishi ya Kiakadi na Kiaramu, lugha mbili za kale. Maneno mawili ya Kiaramu yanayoitaja sanamu hiyo ni ndugu wa yale ya Kiebrania tunayoyasoma "mfano" na "sura". Sanamu ya namna hiyo husimama mahali kwa niaba ya mkubwa asiyeonekana. Na ukilinganisha na Babeli, ambako masimulizi yanasema watu waliumbwa kwa damu ya mungu mwasi aliyeuawa, ili miungu ipumzike na wao wabebe kazi, utaona Mwanzo imefanya nini: heshima ya mfalme imevikwa kila mtu, na mwanamke ametajwa waziwazi asije akasahauliwa.

Sasa ubavu wenyewe. Neno la Kiebrania ni tsela, na katika kitabu cha Kutoka neno hilohilo linataja upande wa sanduku la agano na upande wa maskani. Sanduku halina mbavu. Marabi wa kale, yaani walimu wa dini ya Kiyahudi, waliliona hilo: Shmuel bar Nahman alifundisha kwamba Adamu aliumbwa na nyuso mbili, kisha akapasuliwa, kila upande ukapata mgongo wake. Kiswahili kina bahati hapa, maana ubavu ni mfupa na ubavu ni upande. Ukimwita mtu akae ubavuni pako, humwambii aingie kwenye mifupa. (Wale wanaoamini mwanamume ana ubavu mmoja pungufu, daktari Andreas Vesalius, mchunguzi wa mwili wa binadamu, alishalimaliza hilo mwaka 1543: kwa kawaida ni 24 kwa wote.)

Neno "msaidizi" nalo limetuponza. Kwetu msaidizi ni naibu, au binti anayeosha vyombo. Kiebrania kinasema ezer, na Zaburi ya 121 inalitumia kwa Mungu mwenyewe: "Msaada wangu u katika BWANA."

Upande huu wa wanaotetea usawa nao huzidisha chumvi. Mmarekani Phyllis Trible, mtaalamu wa Biblia, tangu miaka ya 1970, alishikilia kwamba kiumbe wa kwanza hakuwa mwanamume wala mwanamke mpaka alipogawanywa. Inavutia, lakini mwanamke akishaumbwa, simulizi linaendelea kumwita mwanamume kwa jina lilelile la awali, kana kwamba hakuna kilichobadilika kwake. Kwa maoni yangu mwandishi hakuwa akigawa vyeo, wala hakuwa akiandika hati ya haki sawa. Kilichomsumbua ni "si vema huyo mtu awe peke yake."

Kutawala kunakuja sura ya 3, baada ya tunda: "naye atakutawala." Kunakuja kwenye orodha moja na uchungu wa kuzaa, michongoma na jasho. Michongoma tunaing'oa na hakuna anayemwita mkulima mwasi. Uchungu ulizua ubishi. Mwaka 1847, daktari James Young Simpson wa Edinburgh alipoanza kuwapa wanawake wanaojifungua klorofomu, dawa ya usingizi, pingamizi za kidini zilitaja mstari huo. Simpson akajibu kwa mstari wa ubavu: kabla ya kumpasua Adamu, Mungu alimletea usingizi mzito. Mwaka 1853 Malkia Victoria naye alijifungua kwa klorofomu, na leo hakuna mchungaji anayesimama mlangoni mwa chumba cha upasuaji kuzuia ganzi. Katika orodha nzima, kipengele kimoja tu ndicho bado kinahubiriwa kama amri.