Tumbawe la Dongsha halisemei bahari zote

Makala ninayoitolea maoni hapa inaeleza kwamba kiunzi cha matumbawe ya Dongsha, katika Bahari ya Kusini ya China, kimeonyesha naitrojeni ya viwandani na mashambani ikifika baharini kupitia hewa, na inaizungumzia hali hiyo kana kwamba ni ya bahari zote. Hilo la Dongsha ni kweli, lakini limepitiwa juu juu jambo ambalo kwangu lina uzito zaidi, yaani namna ushahidi wenyewe unavyopatikana. Tumbawe hujijengea chokaa tabaka juu ya tabaka, mwaka hadi mwaka, na ndani ya chokaa hiyo hubaki chembe chache mno za mata ogani (mabaki ya kiumbe chenyewe) ambazo wanasayansi huzisafisha, huigeuza naitrojeni yake kuwa naitreti (muungano wa naitrojeni na oksijeni), kisha huwaachia bakteria waifanye gesi inayoweza kupimwa uwiano wa naitrojeni-15 na naitrojeni-14, yaani atomi nzito na nyepesi za naitrojeni. Naitrojeni ya binadamu inayofika kwa hewa ina naitrojeni-15 kidogo zaidi, hivyo inapoongezeka baharini uwiano huo hushuka, kama ulivyoshuka Dongsha. Ni kazi ya subira kubwa, na inastahili kuelezwa.

Utafiti wa matumbawe ya Dongsha wa mwaka 2017 ulikadiria kwamba kufikia 2010 takriban asilimia 20 ya naitrojeni iliyoingia kila mwaka katika maji ya juu ya eneo lile ilitokana na shughuli za binadamu. Hata hivyo, namwomba mwandishi asiseme "bahari zote", kwa kuwa tumbawe la Bermuda, kisiwa cha Bahari ya Atlantiki, lenye kumbukumbu ya miaka 130 hivi, halikuonyesha mshuko wa namna hiyo wa uwiano, ingawa kisiwa hicho kiko upande unakoelekea upepo utokao Marekani.