Mtani Kaburini

Sisi Wanyamwezi, Mzaramo akifa, hatuendi msibani kulia tu, tunaenda kazini. Utani wetu ni wa tangu enzi za misafara, karne ya 19, babu zetu walipopita Uzaramo na pembe za ndovu mabegani, kutoka Tabora kwenda Bagamoyo. Kwa hiyo alipofariki mzee mmoja wa Kisarawe, wanawe walinipigia simu mapema: "Mtani, usichelewe."

Nikafika, nikatwaa kofia ya marehemu, nikachechemea kama yeye hadi jikoni nikifoka: "Nani kala jogoo wangu?" Wanawake hoi kwa kicheko, machozi bado mashavuni. Sufuria la wali nikalikalia mpaka nikalipwa.

Makaburini nikarukia kaburini, nikajinyoosha chali. "Sitoki bila elfu kumi!" Noti zikaanza kudondoka. Zimefika elfu saba, jeneza hilo hapo, na sheikh mbele. Sheikh mwenyewe mgeni, kahamia juzi tu.

"Stihizai gani hii mbele ya maiti?"

"Si stihizai, sheikh. Huyo mtani."

"Mzaha mzaha hutumbuka usaha!"

"Mzaha angefanya huyu," mzee mmoja akamnyooshea kidole mkwe wa marehemu, ambaye maskini alikuwa kimya na chepe lake. "Huyu akithubutu tunamtoza mbuzi. Mtani asipofanya, ndiyo katudharau."

Wakaendelea kubishana juu ya kichwa changu, mchanga ukiniingia masikioni. Nikaona nimstahi sheikh, nitoke. Nikashika ukingo, ukingo ukaja nao.

"Wee, unatubomolea mwanandani!"

"Basi nivuteni!"

Mpwa wa marehemu akachuchumaa, anatabasamu. Nilipoliona lile tabasamu nikajua kumekucha. "Mtani, kushuka ulishuka bure. Kupanda elfu kumi."

Nikarudisha saba zao. Bado tatu, na mifukoni nina funguo na simu tu.

"Nitawatumia kwa simu."

"Tuma na ya kutolea."

Mtandao nao, mle shimoni, hakuna. Nikainua simu juu, nikaizungusha huku na huku, waombolezaji wananielekeza: "Kulia kidogo! Hapo hapo!"

Sheikh akatazama jeneza, akatazama jua, akapandisha kanzu na kuchomoa noti ya elfu tano. "Mtoeni huyo, tuzike!"

Mpwa akaipokea kwa mikono miwili, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Ahsante, sheikh. Chenji atakupa mtani."