Hita ya Nje Ibaki Nje

Juzi usiku, kwenye kundi letu la WhatsApp la wauguzi tunaozunguka Marekani na mikataba ya wiki 13, tukiishi kwenye karavani, ndugu mmoja alituma picha ya bafu la karavani yake. Ukutani ametundika hita ndogo ya gesi, ile ya kubebeka ya kuogea kambini. Mpira wa gesi umepitishwa dirishani hadi kwenye mtungi ulio nje. Chini ameandika: "Sasa maji moto hayaishi." Watu wakampongeza, mmoja akauliza bei. Mimi sikupata usingizi.

Hamu yake naielewa. Karavani yangu ilikuja na hita ya tangi la galoni 6, yaani kama lita 23. Unatoka zamu ya saa 12, miguu imevimba, harufu ya wodi imekuganda mwilini, na kabla hujamaliza kusuuza povu kichwani maji yamekuwa baridi. Basi unajifunga taulo unangoja tangi lipate moto tena. Mwaka juzi niliing'oa nikaweka isiyo na tangi, inayopasha maji moto yanapopita, na sijajuta hata siku moja. Lakini hita yangu na ile ya kwenye picha ni vitu viwili tofauti kabisa.

Hita iliyoundwa kwa ajili ya karavani inakaa kwenye tundu lilelile la ile ya zamani, na uso wake ni mlango wa chuma unaotazama nje. Hewa ya kuchochea moto inavutwa kutoka nje, moshi unarudishwa nje. Moto wenyewe umefungiwa, hauchangii hewa na wewe. Ile ya kambini imetengenezwa itundikwe mtini, kwenye upepo. Haina bomba la kutolea moshi. Moshi wake unatokea juu yake na kubaki hapohapo, ndani ya bafu ambalo ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Tena huo si moto wa kuchemshia chai. Hita yangu ya zamani ilichoma BTU 12,000 kwa saa (BTU ni kipimo cha joto). Nyingi za hizi za kubebeka zinapita 30,000.

Na sisi ndio watu wa kulijua hili. Nani kati yetu hajasikia habari ya familia iliyolala na jiko la makaa ndani, milango imefungwa kwa sababu ya baridi? Kwa nini tukishavuka bahari tunaamini moto wa gesi, kwa kuwa ni wa buluu, hauui? Moto huo ukikosa hewa ya kutosha unatoa kaboni monoksaidi ileile, isiyo na rangi wala harufu, na himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, inaing'ang'ania zaidi ya mara 200 kuliko inavyoshika oksijeni. Nilimhudumia baba mmoja aliyekuja na kichwa kinamuuma na kichefuchefu. Nikamvalisha kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni ya damu, kikasoma asilimia 98, yaani kawaida. Sote tulidhani ni mafua, hadi daktari alipoagiza damu ipimwe, ikakutwa na kaboni monoksaidi. Kile kifaa hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba sumu. Tangu siku hiyo siamini namba hiyo peke yake.

"Nafungua dirisha," ndugu yetu akanijibu. Yuko Amarillo, Texas, na huu ni Januari. Hilo dirisha litafungwa usiku wa kwanza wa theluji.

Nakubali, bei hazilingani. Pesa aliyotoa yeye isingefika hata nusu ya yangu. Nakubali pia kwamba hata hii yangu ina masharti yake. Maji ya bomba yakiingia baridi sana inabidi upunguze kasi ya bomba ndipo yatoke moto. Tangi la maji machafu linajaa upesi ukijisahau. Na ile ya zamani ilikuwa pia na waya wa kupasha maji kwa umeme ndani, kwa hiyo kwenye viwanja ambako stima imo kwenye kodi nilioga bila kugusa gesi, hiyo nimeipoteza. Anayefunga mwenyewe apake povu la sabuni kwenye kila kiungo cha gesi na atazame kama linatoa mapovu, kisha afunge valvu ya njia ya mkato ya hita ya zamani, ile inayopitisha maji baridi pembeni bila kuingia kwenye hita. Yangu ilibaki wazi, nikaoga maji vuguvugu siku mbili nikiilaumu hita mpya.

Nilimwomba ndugu yetu ageuze king'ora chake cha kaboni monoksaidi asome tarehe iliyo nyuma. Akanitumia picha: muda wake ulikwisha miaka 3 iliyopita. Nimemwambia nitamsaidia kutafuta hita ya kweli na kuifunga, niko mapumzikoni wiki ijayo. Amesema ile nyingine ataishusha Jumamosi. Nimempigia tena mara mbili, nikimsihi aishushe leo.