Robota Likifunguliwa Memorial

Zamani mitumba iliitwa "kafa Ulaya", na aliyeivaa hakutaka ijulikane. Leo vijana wa Moshi wanaichagua kwenye soko la Memorial, wanaifua, wanaipiga picha na kuiuza mtandaoni bila aibu yoyote. Huko Ulaya kwenyewe, kununua nguo iliyokwisha kuvaliwa kumekuwa suala la dhamiri, hasa tangu jengo la Rana Plaza, lililojaa viwanda vya nguo, liporomoke Bangladesh mwaka 2013 na kuua watu zaidi ya 1,100. Hoja ya wanunuzi hao wa Ulaya ina uzito: shati lililokwisha kushonwa halihitaji pamba mpya, maji wala rangi, na halimwongezei faida anayemnyonya mshonaji.

Naikubali, ila inaishia bandarini. Shati lililotolewa kwa moyo safi linafika kwetu ndani ya robota lililokazwa kwa mikanda, na mama wa Memorial analinunua bila kuona kilichomo. Akilifungua akakuta madoa, zipu zilizokufa au makoti ya theluji, hasara ni yake. Zisizouzika zinageuka matambara ya gereji au zinachomwa moto, na nyingi siku hizi ni poliesta, haziozi.

Wanaotaka mitumba izuiwe nao wana kilio cha haki. Arusha ilikuwa na kiwanda cha nguo cha Kiltex, kikafungwa. Mwaka 2016 marais wa Afrika Mashariki waliazimia, Arusha hiyohiyo, kuiondoa mitumba ndani ya miaka mitatu. Marekani ikatishia kuondoa nafuu za AGOA, mpango wake wa kuruhusu bidhaa za Afrika kuingia kwake bila ushuru. Tanzania, Kenya na Uganda zikalegeza, Rwanda ikashikilia msimamo na mwaka 2018 nguo zake zikakosa nafuu hiyo. Hata hivyo, ukiifunga mitumba leo, sioni shati la Arusha likijaza pengo. Pamba yetu nyingi bado inauzwa nje bila kufumwa. Zitakazoingia ni nguo mpya za bei ya chini kutoka Asia, zile zile zinazolalamikiwa, na fundi anayepunguza suruali kando ya soko atakaa na cherehani yake bila kazi.

Kwangu mimi, ugomvi uhamie kwenye robota. Nguo za ndani za mtumba zimepigwa marufuku nchini, kwa hiyo kuweka masharti kunawezekana. Basi kila robota liandikwe kilichomo na daraja lake, na muuzaji wa jumla arudishe fedha za kila nguo isiyovalika.