Mtu mzima ana haki ya kucheza, na sisi wa Mwanza tulilijua hilo zamani

Juzi kwenye klabu yetu ya michezo ya vita ya mezani hapa Nottingham, Uingereza, mzee mmoja, dereva wa basi aliyestaafu, aliinama mezani na kioo cha kukuzia mkononi, akamtazama askari wangu mmoja, sanamu ndogo ya plastiki niliyoipaka rangi, kwa muda mrefu hata nikadhani ameona kasoro. Alipoinua kichwa aliniuliza, kwa unyenyekevu wa mwanafunzi, nimewezaje kupaka ngozi nyeusi ikabaki na uhai, kwa sababu ya kwake kila akiipaka inageuka rangi ya majivu. Tulikaa tukazungumza rangi mpaka ukumbi ukataka kufungwa. Nilipotuma picha ya askari yuleyule kwenye kundi la familia, jibu la kwanza kutoka Mwanza lilikuwa la wifi yangu: "Hongera wifi, unauza shilingi ngapi?" La pili lilikuwa la mjomba: "Mama mzima na midoli?" Nawapenda wote wawili. Lakini najua kwamba nusu ya ukoo inawaza hivyohivyo na imenyamaza kwa adabu tu, kwa hiyo nimeona nijibu kwa kirefu, mara moja, kwa watu wote.

Ninachofanya ni hiki. Nanunua sanamu ndogo za askari, nyingi zikiwa na kimo cha karibu milimita 28, ambazo huja vipandevipande zikiwa zimeshikana kwenye fremu ya plastiki. Nazikata, nakwangua ule mstari unaoachwa na kalibu, nazigandisha kwa gundi, kisha napaka praima, ile rangi ya kwanza ya kushikiza, na kuanza rangi yenyewe kwa brashi ambayo ncha yake haizidi ncha ya sindano. Zikikamilika napeleka jeshi langu klabuni, tunatandaza meza yenye vilima, magofu na miti, na tunapambana kwa kanuni zilizoandikwa: kila kikosi kinasogea kwa inchi zilizopangwa, tunapima kwa futi, tunarusha dadu kuamua nani amepigwa na nani amepona. Anayedhani ni utani wa watoto ajue kwamba mchezo wa vita wa mezani ulikuwa mafunzo rasmi ya maofisa wa jeshi la Prussia, dola ya zamani ya Wajerumani, tangu mwaka 1824. Na mji huu ninaoishi ndio makao makuu ya Games Workshop, kampuni ya sanamu na michezo ya aina hii iliyoanzia London mwaka 1975, iliyotoa mchezo wa Warhammer mwaka 1983 na ule wa Warhammer 40,000 mwaka 1987. Hapa kuna watu wanaosomesha watoto kwa mshahara wa kuchonga sanamu hizi, na hakuna shangazi anayewasikitikia.

Nirudi kwenye ngozi, kwa sababu hapo ndipo mikono yangu ilipoonyesha nilikotoka. Watu wengi wakitaka kuonyesha mwanga kwenye uso mweusi huchukua kahawia na kuichanganya na nyeupe, na matokeo yake ni uso wa mtu aliyetoka kulala jivuni. Mimi naanza na kahawia nzito iliyotiwa tone la buluu, natia kivuli chepesi cha zambarau chini ya taya na kwenye matundu ya macho, halafu nainua mwanga kwa kahawia yenye wekundu, na mwisho kabisa naweka nukta ya rangi ya hudhurungi iliyokaribia chungwa kwenye mfupa wa shavu, daraja la pua na ukingo wa sikio. Hakuna aliyenifundisha. Nimekua nikitazama akina mama wanaoanika dagaa jua la saa sita pale Mwaloni, Kirumba, na ukikaa na sura hizo kila siku huwezi kuamini kwamba mwanga juu ya ngozi yetu ni mweupe. Sasa hivi pale klabuni mtu akiwa na askari mweusi wa kupaka huniletea kwanza, na ninapomwonyesha nahisi fahari ambayo hakuna cheti changu cha uuguzi kilichowahi kunipa.

Tofauti inayonikaa rohoni ndiyo hiyo basi. Tangu nijiunge na klabu hii hakuna hata mtu mmoja aliyeniuliza sanamu zangu zinaniingizia nini. Wanauliza nimetumia rangi gani, nimesubiri muda gani kabla ya kupaka rangi mara ya pili, kwa nini upanga wa huyu una kutu na wa yule hauna. Kati ya wanachama yupo fundi bomba, yupo mwalimu wa hesabu, yupo kijana asiye na kazi kabisa, na wote hukaa meza moja, wakichangia pauni chache za kukodi ukumbi wa kanisa na kupanga viti wenyewe usiku ukiisha. Kila mmoja amekubaliwa kuwa na kitu kimoja maishani anachokifanya polepole na kwa ustadi bila kutolea hesabu. Nyumbani ruhusa hiyo mtu mzima hapewi. Ukionekana una saa mbili za kushika brashi, mtu anakutafutia shughuli: kuna harusi ya kuchangia, kuna kikao, kuna kiwanja kinachouzwa Buswelu, na ukisema "hapana, leo napaka rangi" unaonekana umechanganyikiwa au unaringa.

Naam, najua neno hilo la kuringa limeshafika mdomoni mwa mtu. Atasema: ameenda Ulaya, sasa anatufundisha kuishi. Ndugu yangu, mimi nafanya zamu za usiku hospitalini, nageuza wagonjwa wenye uzito kuliko mimi, na ada za watoto wa marehemu dada yangu nazilipa kabla sijanunua kopo la rangi. Sijaacha wajibu hata mmoja ili nicheze. Ninachosema ni kwamba baada ya wajibu kubaki kuna mtu, na mtu huyo anahitaji mahali. Wapo pia watakaosema kwamba hobi ni anasa ya walioshiba, na kwamba mtu anayetafuta mlo wa jioni hana muda wa vinyago. Hoja hiyo ningeiheshimu zaidi kama isingekuwa inasemwa na watu wanaokesha wakibishana Simba na Yanga mpaka sauti zinakauka. Muda upo, na kila mtu anaufahamu ulipo. Tumekubaliana tu kwamba kutazama wengine wakicheza ni heshima, ila kucheza mwenyewe ukiwa na miaka arobaini ni aibu.

Kinachonikera zaidi ni kwamba aibu hiyo hatukurithi kwa wazee wetu. Nani katika Usukuma hajui Bagika na Bagalu? Watu wazima, wenye wake, waume na ng'ombe, waligawanyika katika vyama viwili vya ngoma tangu karne ya 19, wakafanya mazoezi kwa miezi, wakatunga nyimbo, wakatafuta dawa za mvuto, wakashona mavazi, na siku ya mashindano pande zote mbili zilicheza kwa wakati mmoja ili umati uamue kwa miguu yake uende kwa nani. Sherehe ya Bulabo pale Bujora bado inafanyika hivyo kila mwaka wakati wa sikukuu ya Ekaristi, mwezi Juni. Hiyo ni klabu kamili, yenye kanuni, ushindani na maandalizi marefu kuliko yangu. Isolo nayo, bao letu la Kisukuma lenye mashimo 32 na kete 64, babu yangu aliicheza na wazee wenzake kwa utulivu wa mahakimu, na hakuna aliyemwambia ni mtoto. Halafu fikiria sisi wenyewe tulivyofinyanga ng'ombe wa udongo kando ya mto: kila mmoja na zizi lake, madume yakipiganishwa, anayevunjika pembe anatolewa nje ya kundi. Tulikuwa na majeshi na kanuni kabla hatujajua kusoma. Sielewi ni lini hasa tulikubaliana kwamba yote hayo yakome siku ya kumaliza shule.

Wala nisieleweke kwamba huku ni peponi, kwa sababu hapo nitakuwa mwongo. Mchezo wetu mmoja unapangwa wiki tatu kabla, kwa ujumbe na uthibitisho wa ujumbe, na ukifika bila miadi unaweza kuishia kukaa ukitazama. Kwenye drafti ya vizibo pale Mabatini unapita tu, unasalimia, aliyefungwa anasimama, unakaa. Uwazi ule siupati hapa, na siku nyingine unaniliza. Jirani yangu wa ukuta mmoja simfahamu jina, na nina hakika kwamba nusu ya wanachama wa klabu wangekuwa hawazungumzi na mtu tangu Ijumaa hadi Jumatatu kama si zile meza. Kwa hiyo wao wanahitaji klabu ili wapate watu, na sisi tuna watu tele ambao tumewakataza kuwa na klabu. Gharama pia ni kubwa: boksi la askari kumi laweza kuvuka pauni 30, na nimejifunza kununua sanamu zilizokwishatumika, kuzivua rangi na kuanza upya. Tena baridi yenye unyevu ya hapa inaharibu praima ya kupulizia, inakauka ikiwa na chembechembe kama mchanga, wakati kiangazi chetu cha Julai kingeikausha laini kabla hujamaliza chai.

Mwenzangu mmoja aliniandikia kwamba hata hiyo drafti ya Mabatini ninayoisifu mimi nisingekaa, kwa sababu mwanamke hakai kijiweni. Hapo amesema kweli na amenisaidia hoja. Hata huku wanawake klabuni ni wachache, tunahesabika bila kuinua kidole cha pili cha mkono wa pili, lakini aliye mbele yangu mezani ananiangalia kama kamanda wa upande wa pili, basi. Nyumbani ningeulizwa mume wangu anajua niko wapi. Mimi nimefunga vidonda vya watu, nina mkono usiotetemeka saa kumi za usiku, na ninaamini kabisa kwamba kuna mamia ya wanawake wa Mwanza, wasusi, mafundi cherehani, wachoraji wa hina, ambao wakipewa brashi namba sifuri watawashinda wazungu hawa wote kabla mwaka haujaisha. Kazi ya vidole vyao tunaiona kila siku, tunailipa kidogo, na tukiisha kulipa tunaisahau.

Mjomba akaongeza swali ambalo nalichukua kwa uzito: vita vina ubaya wa kutosha, kwa nini tuvichezee? Nimelifikiri sana, na jibu langu liko kwenye meza ninayoitengeneza sasa. Ni Mwanza yenyewe, ya mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Waingereza walikuwa wameshavuka ziwa na kuishambulia Bukoba mwezi Juni 1915, na Julai 1916 wakautwaa mji wetu kutoka kwa Wajerumani. Mawe nimeyachonga kwa povu gumu la plastiki, nikayapaka kijivu cheusi, nikapitisha juu yake brashi iliyokaribia kukauka yenye kijivu cheupe ili kingo zishike mwanga, kisha nikachirizisha kahawia nyembamba kwenye nyufa kama maji ya mvua yanavyofanya kwenye Jiwe la Bismarck, lile la ziwani pale Mwanza, na juu kabisa nikadondosha nyeupe ya kinyesi cha ndege. Lakini wa kwanza niliowapaka walikuwa wapagazi. Kwenye kanuni nilizoandika mwenyewe, bunduki kubwa haisogei hata inchi moja mpaka uwe na wapagazi wa kuibeba, na kila mpagazi anayeanguka anabaki mezani mpaka mwisho wa mchezo. Wenzangu wa klabu, ambao wanazijua kwa tarehe vita za Ulaya zote, hawakuwahi kusikia kwamba kulikuwa na vita kwenye ziwa letu. Sasa wanauliza. Na mimi mwenyewe, niliyesoma historia hiyo darasani kwa mistari miwili, nimelazimika kuitafuta ili nijue askari wangu alivaa nini kichwani.

Desemba nakuja likizo, na safari hii sileti manukato. Kopo la rangi ya kupulizia haliruhusiwi ndani ya ndege, kwa hiyo nitabeba praima ya kupaka kwa brashi, rangi za maji, dadu, na mfuko wa askari ambao hawajaguswa. Kaka yangu ana karakana ya useremala Nyakato na amekubali, baada ya mabishano, kunitengea kona. Ubao mmoja wa plaiwudi ni futi 8 kwa 4. Ukikatwa futi 2 inabaki meza ya ukubwa kamili, na hicho kipande kilichokatwa kitatosha kuwa meza ya kupakia rangi. Nawataka hasa wale vijana wanaoandika majina ya mitumbwi kule Igombe na Kayenze, kwa sababu mtu anayeweza kunyoosha mstari mwekundu kwenye ubavu wa mtumbwi uliolowa hatapata shida na kola ya askari. Ada hakuna. Wanawake wakae mbele. Michezo ya kwanza nitaifupisha iwe ya saa moja na nusu, vikosi vitatu kila upande, ili anayesubiri nje naye apate zamu kabla giza halijaingia.